Hamsini ya Longido na Hamsini ya Kitengela

Kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na namba 50 katikati kipo Longido, Tanzania, na Kitengela, Kenya, pia kipo. Rangi ni zilezile na maana ni ileile. Hata sheria zilizokisimamisha ni ndugu. Kenya tuna Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Tanzania wana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Na zote mbili zimerithi kwa Mwingereza desturi ya kupita kushoto na usukani kukaa kulia. Ukitoka Nairobi kwenda Kigali, Bujumbura au Addis Ababa, kuna mahali utalazimika kuhamia upande wa pili wa barabara, na hapo akili yote huamka. Ukienda Arusha huhami. Ni kilomita kama 270 za lami ileile, lugha ileile na upande uleule.

Ndiyo maana tofauti yenyewe hukunasa bila kutarajia. Gari linapokaribia kile kibao cha Longido hutokea jambo ambalo mimi, mtoto wa Nairobi, bado hunishangaza: gari linapunguza mwendo. Wala si letu peke yake. Lori la saruji, basi la abiria, Noah iliyojaa mpaka mlangoni, yote yanashuka hadi hamsini na kutambaa katikati ya kijiji ambacho saa hiyo hakina mtu barabarani ila mbuzi wachache na mzee mmoja anayeongea na simu. Kimya. Hakuna honi. Hakuna anayemkaripia aliye mbele.

Kitengela nako kibao kipo. Nilipokitazama hivi karibuni kilikuwa kimebandikwa tangazo la mganga wa kurudisha wapenzi, hata ile hamsini ikasomeka nusu. Matatu zilikuwa zikikipita kama hakipo, na mwenye gari dogo aliyejaribu kukitii alikuwa akipigiwa honi na watu watatu kwa pamoja.

Dada yangu aliolewa Arusha, na mumewe ni dereva wa kubeba watalii, mtu ambaye riziki yake yote iko kwenye usukani. Kwa ajili yao barabara ya Namanga, pale mpakani, nimeizoea, nao wameizoea Nairobi, ingawa shemeji angependa kusema kwamba Nairobi haizoeleki. Mabishano yetu kuhusu nani anaendesha vizuri ni ya miaka. Ninayoyaandika hapa mengi yametoka kwenye mabishano hayo, na shemeji ajue kwamba pale nilipompa ushindi ni kwa hiari yangu.

Sababu ya kwanza ya utulivu wa Longido ni tochi. Tochi ni kile kifaa cha kupimia mwendo ambacho askari wa usalama barabarani, nguo nyeupe pepe, hukielekeza kwenye magari akiwa amesimama kando ya barabara, mara nyingine nyuma ya mti. Ufundi wake uko kwenye mgawanyo wa kazi. Mmoja anapiga picha mwanzo wa kijiji na kuirusha kwa simu. Mwenzake yuko mwisho wa kijiji akikungoja, na wewe umeshasahau. Anakusimamisha kwa heshima zote. "Habari za safari, dereva? Poleni na njia." Halafu anakuonyesha picha: gari lako, namba zako, na kando yake 63.

Faini ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kosa, kama 1,500 za kwetu. Kinachapwa kikaratasi chenye namba ya malipo, unalipa kwa simu au kwa wakala, mambo yameisha. Usipolipa, deni linakaa kwenye namba ya gari, na yeyote anaweza kuliona mtandaoni, hata mtu atakayetaka kulinunua gari hilo mwakani. Niliwahi kuwa kwenye kiti cha abiria siku shemeji alipopigwa tochi. Hakubishana. Alishusha pumzi, akatoa simu, akalipa, akamwambia afande kazi njema, tukaondoka. Nilimuuliza kwa nini hakujitetea hata kidogo.

"Nijitetee kwa nani, shem? Picha hiyo hapo. Elfu thelathini si hela nyingi, ila inauma kila mara."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoibeba. Naamini ndani yake kuna maelezo yote ya barabara za Tanzania na, kwa kinyume chake, za kwetu.

Maana kwa makaratasi sisi tumewapita mbali. Kanuni zetu za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zimepanga faini kwa ngazi. Ukizidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa unapewa onyo. Kuanzia 6 hadi 10 ni shilingi 500, kuanzia 11 hadi 15 ni 3,000, na kuanzia 16 hadi 20 ni 10,000. Asiyefunga mkanda, 500. Anayeendesha huku ameshika simu, 2,000. Ukiniuliza, jedwali hilo lina haki kuliko elfu thelathini ya Tanzania, ambayo inamtoza aliyezidisha kidogo sawa na aliyepita kijijini kama anakimbiza mgonjwa. Na kwa makosa mengine adhabu zetu zinatisha kabisa: tangu marekebisho ya mwaka 2012, kupanda na gari kwenye njia ya waenda kwa miguu kunaweza kukugharimu hadi shilingi 30,000 za Kenya au kifungo cha miezi mitatu. Soma tena hiyo, halafu utoke uende ukasimame kando ya barabara yoyote ya Nairobi saa kumi na mbili jioni uhesabu bodaboda zilizo juu ya hiyo njia ya miguu.

Adhabu kubwa isiyokuja haimtishi mtu. Na inapokuja, huja kwa namna nyingine. Dereva yeyote wa Nairobi anaijua hiyo namna. Kizuizi cha misumari, mkono unainuliwa, unaingia kando. Anaomba leseni, anaitazama, hakurudishii. Analizunguka gari kama mtu anayenunua mbuzi sokoni: anabonyeza gurudumu, anaangalia taa ya nyuma, anauliza laifseva, zile pembetatu za kuakisi mwanga, ziko wapi, mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Halafu linakuja lile swali ambalo si swali: "Unajua makosa yako?" Ukisema hujui, umejikaanga. Ukisema unajua, umekiri. "Sasa tufanyeje? Nikupeleke kortini?"

Korti yenyewe si tusi, ni haki yako. Ila piga hesabu. Gari linaweza kulazwa kituoni. Utaacha pesa ya dhamana. Kesho asubuhi utakuwa kwenye benchi pamoja na makanga, wachuuzi na vijana waliokamatwa usiku, ukingoja jina lako lisomwe, na faini utaijua pale hakimu atakapoitamka. Njia halali inakula siku nzima na pesa isiyojulikana. Njia ya mkato inakula dakika mbili na noti moja. Halafu tunakusanyika kwenye mazishi na redioni kushangaa ni kwa nini Wakenya wanapenda kutoa hongo. Mimi sioni mapenzi hapo. Naona watu wanaojua kuhesabu.

Sisemi askari wa Tanzania ni malaika. Shemeji ana visa vyake, na vingine haviandikiki. Wala tochi yenyewe haitendi haki siku zote: kuna vijiji ambavyo nyumba ya mwisho imeshapita, mashamba yameanza, na kibao cha kumaliza hamsini hakionekani, ila afande anaonekana. Watanzania wenyewe hulalamika kwamba ni mtego wa mapato. Huenda. Lakini mtego unaojulikana mahali ulipo, bei yake na risiti yake, umefanya kazi ambayo mahubiri yetu ya usalama barabarani hayajaifanya.

Tusijidanganye pia kwamba tatizo ni damu ya Kikenya. Waliokuwa Nairobi mwaka 2004 wanakumbuka. John Michuki, waziri wa uchukuzi wa serikali ya Kibaki, alikuwa ametoa kanuni zake mwaka uliotangulia, na Februari 2004 zikaanza kutekelezwa: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mkanda kwenye kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, Nissan ibebe abiria 14 na asiongezeke hata mtoto wa kupakatwa, dereva avae samawati iliyoiva na makanga avae rangi ya damu ya mzee. Matatu ziligoma. Jiji zima likatembea kwa miguu, watu wa Kangemi na Kayole wakaingia mjini viatu mkononi. Na Michuki hakulegea. Matatu ziliporudi zilikuwa na mikanda, na tulikaa kwa nafasi, goti la mtu halikukuchoma mgongoni. Kwa muda fulani Nairobi ilikuwa na sheria moja ambayo kila mtu alijua itamkuta. Baadaye vidhibiti mwendo vikaanza kuchezewa na mafundi, ukaguzi ukalegea, na tukarudi tulikotoka polepole bila mtu kutangaza.

Kilichobaki ni mikanda. Ukipanda matatu leo utaikuta, imekauka kwa vumbi, na ina kazi moja tu. Makanga anachungulia mbele, anaona karao, yaani askari, na kusema, "Fungeni mikanda, karao hao." Gari zima linajifunga, mlio wa vyuma tak-tak-tak mpaka kiti cha nyuma. Tunapita tukiwa wapole kama waumini. Mita mia mbili baadaye gari zima linajifungua. Nimeona hata wazee wa kanisa wakifanya hivyo.

Shemeji alipoanza kuja Nairobi na gari lake alikuwa na imani kwamba ataendesha kama kwao. Makaratasi hayakumsumbua: Kadi ya Njano, bima ya kuvuka mipaka ya COMESA, jumuiya ya biashara ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, inakubalika, maana Tanzania ilijiondoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa bima, na Namanga tangu 2018 ina kituo kimoja cha forodha, huhitaji kupanga foleni pande mbili. Leseni yake inakubalika kwetu. Kibao chake cha namba ni cha manjano, rangi ya magari binafsi kwao, jambo linalomfanya aonekane kutoka mbali na kila mwenye nia njema na mbaya.

Basi, Ngong Road, akakuta kivuko cha zebra. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama ukingoni na mfuko wa soko. Shemeji akasimama, kama anavyosimama Arusha, ambako dereva akipita kwenye zebra wakati mtu ameshaweka mguu na afande yuko karibu, elfu thelathini hiyo. Nyuma yetu matatu ilifunga breki kwa kilio, honi zikaanza, na mtu akatoa kichwa dirishani kuuliza kama gari letu limezimika. Lakini aliyenishangaza ni yule mwanamke. Hakuvuka. Alimtazama shemeji kwa shaka, akatazama nyuma yetu, akamtazama tena. Shemeji akampungia mkono: pita, mama. Mama akatikisa kichwa. Na alijua alichokijua, kwa sababu papo hapo bodaboda ikapita ubavuni mwetu kushoto na gari dogo likapita kulia, yote mawili kwa kasi, juu ya zebra ileile ambayo sheria inasema ni yake yeye.

Mtembea kwa miguu wa Nairobi hapimi sheria, anapima nafasi. Anavuka pale anapoona mwanya, na zebra kwake ni michoro ya lami. NTSA, mamlaka yetu ya usalama barabarani, huhesabu zaidi ya watu 4,000 wanaokufa barabarani Kenya kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni wanaotembea kwa miguu. Thika Road ilipofunguliwa mwaka 2012 ilijengewa vivuko vya juu, na bado kuna wanaokatiza chini, kati ya magari yanayokwenda mia. Tunawalaumu kwa uvivu. Mimi huwaza hivi: mtu ambaye maisha yake yote zebra haijawahi kumsimamishia gari, atajifunzia wapi kwamba serikali ilichora mahali pa kuvukia kwa ajili yake?

Shemeji hakuelewa pia taa zetu. Taa ni nyekundu, na katikati ya njia panda kuna askari anayepunga mikono akiita magari yaje. Shemeji alisimama kutii taa. Askari akamfokea, na kwa hili askari alikuwa sahihi, kwa sababu ishara ya afande inashinda taa hata kwao. Tofauti ni kwamba kwao ni jambo la dharura, na kwetu ni kila siku, hata mtu hujiuliza umeme wa zile taa hulipwa wa nini. Raundabauti ndiyo ilimmaliza. Kwa sheria, ya huku na ya kule, anayetoka kulia akiwa ndani ya mzunguko ndiye mwenye haki. Kwa Nairobi, mwenye haki ni aliyetanguliza pua. Huulizi, huombi, unapenyeza bampa sentimita kwa sentimita huku ukitazama mbele kama humwoni mwenzako, na yeye anatazama mbele kama hakuoni, na mwenye gari kuukuu zaidi ndiye anayepita. Kumtazama mtu machoni ni kukubali kumpisha. Shemeji, kwa malezi mema, alikuwa akiwatazama wote machoni na kuwasalimia.

Kilichompa raha ni Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia. Kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, themanini, hakuna bodaboda, hakuna anayevuka, unalipa na risiti unapewa. "Hii ni Tanzania mmeijengea juu," alisema, na alipotazama chini akaona Mombasa Road ilivyojipanga akacheka mpaka akakohoa.

Sasa niwatetee watu wangu kidogo, maana dereva wa Nairobi ana elimu yake. Anaona mbele, nyuma na pande zote. Anajua bodaboda itatokea wapi kabla haijatokea, anajua matatu ya mbele itasimama ghafla kwa sababu amemwona abiria aliyeinua mkono kabla makanga hajamwona. Hamwamini mtu. Dereva wa Tanzania anamwamini mwenzake, na hiyo ni neema kijijini na ni hatari nje ya kijiji, kwa sababu kile kibao cha hamsini kikishaisha, tochi nayo ikiisha, wapo wanaokanyaga mpaka gari linapiga mluzi. Nimeona upande wa Tanzania mabasi yakiovateki kwenye mlima na kona mbele, kwa utulivu wa mtu anayemwaga chai. Utii unakwenda mpaka pale afande anapoishia.

Mabasi hayo yana historia yake. Tanzania ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku tangu miaka ya 1990, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2023 pekee. Sasa basi linabeba kifaa kinachotuma mwendo wake kwa LATRA, mamlaka yao ya usafiri wa nchi kavu. Sisi tulizoea kupanda basi usiku Nairobi na kuamkia Kisumu au Busia. Tulipopoteza watu 36 kwa ajali moja pale Migaa, siku ya mwisho ya mwaka 2017, serikali ikapiga marufuku safari za usiku, na marufuku hiyo haikudumu. Na kwa matatu zetu na daladala zao kinachomkimbiza dereva ni kilekile: kuna pesa ya tajiri, mwenye gari, lazima ifike jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na chake ni kile kinachobaki juu ya hiyo.

Na kuna sheria ambazo hazimo katika Sura ya 403 wala ya 168, na hizo mpaka haujazigawa. Lori likiharibika usiku, utingo, au taniboi kama tunavyomwita, anashuka na panga, anakata matawi na kuyapanga kwenye lami kuanzia mbali, fungu baada ya fungu. Sheria za nchi zote mbili zinataka pembetatu zinazoakisi mwanga, lakini ukiona majani mabichi barabarani, Bisil au Oldonyo Sambu, mguu unatoka kwenye mafuta wenyewe. Lakini lori likishaondoka, ni nadra mtu kurudi kuyatoa yale matawi. Hilo nalo ni sawa pande zote.

Kisha kuna indiketa. Uko nyuma ya lori, mlima, huoni mbele. Dereva wa lori anawasha ya kushoto: pita, njia nyeupe. Anawasha ya kulia: tulia, kuna kitu kinakuja. Ni ukarimu mkubwa, mtu usiyemjua anakuazima macho yake. Ubaya ni kwamba indiketa ya kulia ina maana nyingine ya halali kabisa, yaani anakata kulia, na ya kushoto inaweza kumaanisha anaingia kituo cha mafuta. Unatakiwa ujue ni ipi kwa kutazama mahali mlipo. Usiku kuna ya tatu: gari linalokuja mbele linawasha indiketa ya kulia mnapokaribiana, kukuonyesha ubavu wake unaishia wapi kwenye barabara nyembamba. Mgeni kutoka Ulaya atafikiri lori linamkatia njia. Hakuna shule ya udereva iliyonifundisha hili. Nililifundishwa na barabara, na shemeji alilifundishwa na barabara, na hatujawahi kubishana juu yake.

Taa za mbele ndizo tunazosomana vibaya. Kumulika kwa maana ya "karao wako mbele" ni lugha ya Afrika Mashariki nzima. Lakini shemeji akimpa mtu taa kwenye njia panda anamaanisha pita wewe. Mtu wa Nairobi akimulika anamaanisha naja mimi, usithubutu. Hapo ndipo wawili hawa nusura wagongane Lang'ata, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa kitu alichonyimwa.

Niongeze jambo lisilo na uhusiano mkubwa. Harusi za Arusha zina pikapu ya matarumbeta inayotangulia, wapigaji wamesimama nyuma, na msafara unazunguka raundabauti mara nyingi kadiri bi harusi anavyopendwa, huku magari mengine yakingoja bila kununa. Jaribu hilo Nairobi Jumamosi mchana. Matatu ya kwanza itaingia katikati ya msafara na kuuliza kama kuna anayekwenda Rongai.

Ila ushahidi mkubwa kuliko wote ninao nyumbani, nao ni dada yangu. Amezaliwa Buruburu, ameshika usukani mara ya kwanza Jogoo Road, kisha akahamia Arusha na mumewe. Mwaka jana nilisafiri nao kutoka Arusha, yeye akiendesha, shemeji akisinzia kiti cha mbele. Ngaramtoni hamsini. Oldonyo Sambu hamsini. Longido hamsini, mikono miwili kwenye usukani, na akampisha mtoto wa shule kwenye zebra akimwita mwanangu. Tukafika Namanga, tukagongewa mihuri, tukaingia tena kwenye gari lilelile lenye kibao kilekile cha manjano. Kajiado tulikuwa tumeshapita matatu mbili. Kitengela foleni ilipoanza, dada hakusita. Magurudumu ya kushoto yakashuka kwenye changarawe na tukaanza kuyapita magari yaliyosimama. Shemeji akaamka kwa mtikisiko.

"Mama Junior! Unatanua?"

"Lala," dada akasema. "Hapa si kwenu."

Mtu mmoja, leseni moja, gari moja, saa mbili kati ya tabia moja na nyingine. Baada ya hapo sijaweza tena kumsikiliza kwa subira anayeniambia Watanzania ni wapole kwa asili na Wakenya ni wakali kwa asili. Na shemeji naye, kabla ya ziara ile kuisha, alikuwa amejifunza kutanguliza pua kwenye raundabauti na kutazama mbele bila kumwona mtu. Alifanya vizuri sana, nikampongeza, akakasirika.

Nikipewa nafasi ya kuazima kitu kimoja kutoka upande wa pili wa Namanga sitaazima tochi, tunazo. Nitaazima kile kikaratasi: kosa moja, bei moja ndogo, namba ya malipo, deni linalokaa kwenye gari mpaka lilipwe, na askari ambaye hana sababu ya kushika leseni yangu wala mimi sina sababu ya kushika mkono wake. Rafiki yangu mwenye matatu mbili amenipinga. Anasema faini ndogo itaingizwa tu kwenye hesabu za siku, kama mafuta na pesa za stendi, na dereva atakimbia zaidi ili aifidie. Nilimpelekea shemeji hoja hiyo kwa simu. Akasema kwao matajiri wa mabasi wanaikata kwenye mshahara wa dereva, na dereva aliyekatwa mara mbili mwezi huohuo huanza kuziona namba za vibao ambazo alikuwa hazioni. Mwenye matatu akajibu kwamba dereva wake hana mshahara wa kukatwa. Hapo nilinyamaza, maana amesema kweli, na tatizo hilo haliponi kwa kikaratasi.

Krismasi hii dada na shemeji wanakuja kwa shuttle. Gari linabaki Arusha. Shemeji ameshanunua tiketi, kiti cha nyuma kabisa, dirishani, na ameniomba nisije kuwapokea na gari langu.